Mifereji, Mikataba na Mabango: Historia ya Kufuatilia Miradi Chini ya Mlima Meru

Hakuna mradi unaomalizika kama ulivyoandikwa. Mchimba kisima hukuta mwamba mahali ambapo michoro ilionyesha udongo, bei ya nondo hupanda kabla ukuta haujafika kwenye linta, masika huja mapema, mfadhili hubadili sera, na mara nyingine mwenye mradi mwenyewe hutoweka. Wahandisi na wahasibu wa leo wana karatasi za mambo haya: taarifa ya maendeleo ya kila mwezi, hati ya malipo, kibali cha nyongeza ya kazi. Karatasi hizo ni za juzi tu. Kabla yake, watu wa Arusha na wa miteremko ya Mlima Meru walishajenga, wakakosea na kurekebisha, na wakati mwingine walijengewa mambo wasiyoyataka. Ukiifuata historia hiyo kuanzia mifereji ya wazee hadi visima virefu vya karne hii, utaona inarudi kwenye swali lilelile: mpango unapobadilika, nani anayaona mabadiliko hayo, na nani ana sauti ya kuyakubali au kuyakataa?

Mfereji na zamu zake, kabla ya 1896

Katika karne ya 17 Wameru walikuwa tayari wanalima kwenye miteremko ya kusini mashariki ya mlima. Waarusha walifika upande wa kusini magharibi kuanzia miaka ya 1830, wakitokea Arusha Chini, huko tambarare kusini ya Moshi. Jamii hizi mbili zilipigana, zikaoana, zikafundishana kazi. Zote zilikuta hali moja: mlima wenye kimo cha mita 4,566 hupata mvua nyingi upande wa kusini, lakini maji hukimbia ndani ya makorongo marefu, ilhali migomba, mahindi na maharage yako juu, kwenye matuta yaliyo katikati ya makorongo. Dawa yake ikawa mfereji.

Mfereji ulikuwa mradi kamili. Ulihitaji banio huko juu mtoni, ulihitaji ruhusa ya kupita katika mashamba ya watu, ulihitaji nguvu za wengi, na zaidi ya yote ulihitaji mteremko wa kiasi: ukizidi, maji hukata udongo na kuula mfereji wenyewe, ukipungua, hutuama na kujaza matope. Waliojua kazi hiyo hawakuwa na vyombo vya kupimia. Walichimba kipande, wakaruhusu maji yaingie, wakayatazama yanavyokwenda, wakarekebisha, ndipo wakaendelea na kipande kilichofuata. Kosa lililogunduliwa mapema namna hiyo lilirekebishwa kwa jembe asubuhi moja. Kosa ambalo lingesubiri mfereji wote umalizike lingekula msimu mzima wa kazi ya ukoo.

Ulinzi wa mradi haukukoma siku maji yalipofika shambani. Kila masika mafuriko yalibomoa banio, na kila mwaka watumiaji waliitana kulijenga upya na kusafisha tope. Asiyefika siku ya kazi alitozwa faini au akanyimwa zamu yake ya maji. Maji yalipopungua wakati wa kiangazi, zamu zilifupishwa, na ufupishaji huo uliamuliwa katika kikao ambacho kila mwenye shamba kando ya mfereji alijua kimeitwa na kwa sababu gani. Mpango ulibadilika mara nyingi kuliko mpango wowote wa ofisini, lakini haukubadilika gizani.

Sitaki kuipamba hali ile. Wanawake, ambao ndio waliobeba maji ya nyumbani, mara nyingi hawakuhesabiwa kuwa wenye zamu. Ukoo wenye nguvu ulipata zaidi. Walioishi chini kabisa ya mfereji walisikia uamuzi baada ya maji kukauka. Hata hivyo jambo moja lilikuwa imara: aliyeangalia mfereji alikuwa anakunywa maji yake. Hapo ndipo historia iliyofuata ilipopinda.

Mpango uliokamilika mezani, 1896–1952

Mwezi Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri waliuawa huko Akeri, Meru. Wajerumani walijibu kwa vita vya kulipiza kisasi vilivyoteketeza mashamba na mifugo ya pande zote mbili za mlima. Kufikia mwaka 1900 boma lao lilikuwa limesimama mjini Arusha, limejengwa kwa kazi ya kulazimishwa ya watu walewale walioshindwa. Boma hilo bado lipo. Leo ni makumbusho.

Baada ya boma ikaja ardhi. Walowezi, wakiwemo Makaburu waliotoka Afrika Kusini, walipewa mashamba kuzunguka mlima, na Waingereza walipochukua nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza waliendeleza mgawanyo huohuo. Reli ilifika Arusha mwaka 1929, kahawa ikapata njia ya kwenda pwani, na bei ya ardhi ikapanda. Watu wa mlimani wakajikuta wamezingirwa: juu yao msitu wa hifadhi, chini yao mashamba ya walowezi, huku idadi ya watoto na ng'ombe ikiongezeka.

Serikali ya kikoloni ililiona tatizo. Mwaka 1946 ilimteua Jaji Mark Wilson kuchunguza ardhi ya Arusha na Moshi, na taarifa yake ikatoka mwaka 1947. Ndani yake mlikuwa na mapendekezo ya kuwapunguzia wenyeji shida ya ardhi, lakini mlikuwa pia na wazo la kuyapanga maeneo yawe ya rangi mojamoja: Wazungu waunganishiwe eneo lao upande wa kaskazini na mashariki ya mlima kwa ajili ya ufugaji, na Wameru wanaoishi Engare Nanyuki wahamishiwe King'ori. Huko King'ori serikali ilipanga kuandaa makazi, kufyeka pori lenye mbung'o na kuweka maji.

Kwa macho ya ofisi, ule ulikuwa mradi uliopangwa vizuri. Ulikuwa na ramani, fedha, eneo mbadala na fidia. Kilichokosekana ni njia yoyote ya kupokea jibu. Wameru walisema hapana. Walisema hivyo kwa barua, katika mikutano, na kwa kukataa fidia. Kila "hapana" ilichukuliwa kuwa ucheleweshaji wa kazi, haikuchukuliwa kuwa taarifa kwamba mpango wenyewe una kasoro. Mwezi Novemba 1951 askari walianza kuwaondoa watu. Nyumba zilichomwa, mifugo ikasukumwa nje, na watu wapatao 3,000 wakafukuzwa.

Hapo Wameru wakafanya jambo ambalo wapangaji hawakuliwazia. Kwa kuwa Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, waliamua kumfuata mdhamini mwenyewe. Walichanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet, akisaidiwa na wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyefanya kazi Moshi, alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa mjini New York akaeleza kilichotokea Engare Nanyuki. Azimio la kuwarudishia ardhi yao halikupata theluthi mbili ya kura katika Baraza Kuu. Kwa hesabu ya kura walishindwa.

Lakini kesi hiyo ilifungua jicho jipya. Kwa mara ya kwanza mpango uliotungwa na ofisi za Arusha na Dar es Salaam ulikaguliwa hadharani kwa kusikiliza walioumizwa nao. Kirilo aliporudi alizunguka nchini akiwasimulia watu aliyoyaona, na chama cha TANU kilipoanzishwa mwaka 1954 kilikuta wananchi wanaojua kwamba uamuzi wa serikali unaweza kuulizwa. Ninaamini hakuna mradi mwingine katika mkoa huu uliogharimu heshima ya watawala kiasi hicho, na chanzo chake ni kikao ambacho hakikuitwa.

Jengo lililopoteza mwenyewe, 1967–1978

Mwaka 1967 Arusha ilipewa mambo mawili makubwa. Februari likatoka Azimio la Arusha. Desemba mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ukaanza kufanya kazi, na makao makuu ya jumuiya yakawekwa hapa. Mji uliokuwa na watu wapatao 32,000 ulitakiwa kubeba ofisi za nchi tatu. Ujenzi wa makao hayo ulianza katikati ya mji: majengo marefu matatu yaliyokuja kuitwa Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro, pamoja na kumbi za mikutano.

Mwaka 1977 jumuiya ikavunjika. Hali hiyo haimo katika orodha ya hatari za mkandarasi yeyote: jengo likaribie kumalizika, na mteja wake asiwepo tena duniani. Tanzania ingeweza kuliacha liwe gofu. Badala yake, mwaka 1978 kilianzishwa Kituo cha Kimataifa cha Mikutano cha Arusha, AICC, na majengo yakapewa kazi mpya. Uamuzi huo ulizaa matunda ambayo hakuna aliyeyapanga. Baraza la Usalama lilipoichagua Arusha mwaka 1995 kuwa makao ya mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, kumbi na ofisi zilikuwepo tayari. Hukumu ya Jean-Paul Akayesu, ya kwanza duniani ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari, ilisomwa Arusha tarehe 2 Septemba 1998.

Katika miaka hiyohiyo usimamizi wa miradi ulikuwa unageuka kuwa taaluma. Mwaka 1969 shirika la misaada la Marekani lilianza kutumia jedwali linalounganisha malengo, matokeo, viashiria na dhana za mradi katika ukurasa mmoja. Hadi leo mwandishi wa andiko la mradi akiwa Karatu au Kisumu hulijaza. Mwaka 1974 jumuiya ilianzisha chuo chake cha uongozi mjini Arusha. Jumuiya ilikufa, chuo kikabaki, na tangu 1980 kinajulikana kama ESAMI, kikiwafundisha maofisa wa nchi nyingi za mashariki na kusini mwa Afrika. Mamia ya wasimamizi wa miradi ya Uganda, Zambia au Msumbiji wamejifunzia kazi Njiro, kilipo chuo hicho, wakiutazama Mlima Meru kupitia madirisha ya darasa.

Maji yaliyobadilishiwa kipimo, 1971–1991

Mwaka 1971 serikali ilitangaza mpango wa miaka 20: kufikia 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji safi ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake. Lilikuwa lengo zuri, na wenye umri mkubwa bado wanakumbuka mabomba ya kwanza yalivyofika vijijini. Chini ya Mlima Meru, hata hivyo, mpango ulikutana na adui aliyeko ndani ya maji yenyewe.

Meru ni mlima wa volkano. Majivu na miamba yake ina floraidi nyingi, na maji yanayopenya ndani yake hubeba floraidi hiyo hadi kwenye chemchemi na visima. Upande wa Ngarenanyuki (Engare Nanyuki ileile), Momella na Maji ya Chai kiwango ni kikubwa kiasi cha kuonekana usoni pa watu: meno ya kahawia, na kwa wale waliokunywa maji hayo kwa miaka mingi tangu utoto, miguu iliyopinda na viungo vilivyokakamaa. Magadi yanayotiwa kwenye makande na maharage ili yaive haraka huongeza sumu hiyohiyo. Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita.

Wapangaji walikuwa na njia mbili. Wangefuata kipimo cha kimataifa, kisha wafunge vyanzo vingi vya Arusha, Kilimanjaro, Singida na Shinyanga na kukiri kwamba lengo la 1991 halifikiki huko. Au wangebadili kipimo. Mwaka 1974 Tanzania iliweka kiwango cha muda cha miligramu 8 kwa lita kwa maji ya vijijini.

Tuwe waadilifu kwa waliofanya uamuzi huo. Kipindupindu na kuhara viliua watoto kwa siku chache, floraidi huumiza polepole. Nchi haikuwa na fedha wala teknolojia ya kuiondoa. Na kiwango kiliitwa cha muda. Kama mabadiliko ya mradi, yaliandikwa na sababu yake ilijulikana. Kosa kubwa lilikuja baadaye, kwa kuwa neno "muda" halikuwekewa tarehe. Kiwango kilichokusudiwa kuwa daraja kikawa makazi. Miaka ilipita hadi kiliposhushwa kuwa miligramu 4, na ikapita mingine tena kabla nchi haijafikia 1.5 katika muongo uliopita. Kizazi kizima cha Arumeru kilizaliwa, kikaota meno na kuyaona yakibadilika rangi, katika muda ambao karatasi ziliuita wa mpito. Mabadiliko yasiyo na tarehe ya kuangaliwa upya ndiyo hatari zaidi katika mradi wowote, na ushahidi wake umeandikwa kwenye mifupa ya watu.

Kazi ya kutafuta dawa ilifanyika hapahapa. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, chini ya wizara ya maji, kilifanyia kazi mkaa wa mifupa ya ng'ombe: mifupa huchomwa kwa joto lililopimwa, husagwa, na chembechembe zake hunasa floraidi maji yanapopita. Njia hii inafanya kazi, lakini ina sharti gumu. Mkaa ukishashiba haunasi tena, na maji yanayotoka yana sura na ladha ileile ya jana. Bila mtu wa kupima na kubadilisha, kichujio hubaki pambo la jikoni huku familia ikiamini iko salama. Kufunga kichujio ni kazi ya siku moja. Kukifuatilia ni kazi ya miaka.

Mpango wa miaka 20 haukutimiza lengo lake. Tathmini ya katikati ya muongo wa 1980 ilionyesha pampu zilizokufa, vijiji vilivyosubiri serikali ije kutengeneza, na wananchi waliosema bomba si lao. Sera ya kwanza ya maji ya taifa ilitoka mwaka 1991, mwaka uleule ambao maji yalitakiwa yawe yamefika kila kijiji.

Katikati ya kipindi hicho, mwaka 1979, ulikuja Arumeru, Hanang na Mbulu mradi wa Wamarekani wa mipango ya mkoa na maendeleo ya vijiji. Ninautaja kwa sababu ulijaribu jambo lililokuwa geni: shughuli nyingi hazikuamuliwa mwanzoni, ziliachwa ziamuliwe njiani pamoja na wilaya na vijiji, kutokana na yale yaliyojifunzwa katika barabara na miradi midogo ya kwanza. Miaka michache baadaye misaada ya Marekani ilikatwa Tanzania iliposhindwa kulipa madeni yake kwa wakati. Mradi uliojua kubadilika kutokana na hali ya kijijini ulisimamishwa na hali ya Washington.

Zamu zinarudi mtoni, 1991–2012

Mwaka 1991 ilianzishwa ofisi ya bonde la mto Pangani, ya kwanza ya aina yake nchini, ili kusimamia maji yote yanayotiririka kutoka Kilimanjaro, Meru na milima ya Pare na Usambara hadi baharini. Ilikuja na vibali, ada na vipimo. Mwaka 1998 mji wa Arusha nao ukapata mamlaka yake ya maji inayojitegemea, AUWSA.

Kwenye mito midogo ya Meru, hata hivyo, watu hawakusubiri ofisi. Themi, Nduruma na Seliani zilikuwa zimelemewa: juu wenye mifereji ya zamani, katikati mashamba makubwa ya kahawa na baadaye ya maua, chini wakulima wapya wa tambarare, na mji unaonyonya chemchemi zilezile. Wakulima waliunda kamati za mto. Kamati hizi ziliunganisha mifereji mingi na kugawa siku na usiku: wa juu wachukue siku hizi, kisha wafunge mabanio ili maji yafike chini. Watu walitumwa kupanda mto kuhakikisha yamefungwa kweli. Ukame ulipozidi, zamu zilipangwa upya.

Huu ulikuwa usimamizi wa mabadiliko katika hali yake halisi, na ulifika mahali ambapo kibali cha karatasi hakikufika, kwa sababu kibali kiliandika lita kwa sekunde ambazo wakati wa kiangazi mto haukuwa nazo. Wanaosema wakulima wa Meru hawajui kufuatilia miradi wapande Nduruma mwezi Septemba.

Mwaka 2012 Arusha ikawa jiji. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 416,442. Ya mwaka 2022 ilihesabu 617,631. Yeyote aliyepanga bomba kwa idadi ya kwanza alikuta ya pili imemfika kabla ya kumaliza kulifukia.

Lakilaki, 2012–2016

Mahakama ya Rwanda ilipokaribia kufungwa, Umoja wa Mataifa uliamua kujenga makao mapya ya taasisi itakayorithi kazi na kumbukumbu zake. Tanzania ilitoa ardhi Lakilaki, nje kidogo ya jiji, na kuahidi barabara, maji na umeme. Bajeti ilikuwa karibu dola milioni 8.8, ndogo kwa mradi wa Umoja wa Mataifa, na Baraza Kuu lilidai taarifa ya ujenzi kila mwaka: umefikia wapi, kimechelewa nini na kwa sababu gani, gharama ya ucheleweshaji ataibeba nani. Majengo yalizinduliwa tarehe 25 Novemba 2016. Baada ya kuzinduliwa ikaonekana mfumo wa hewa na unyevu katika jengo la kumbukumbu haujafikia kiwango kinachotakiwa kulinda karatasi na kanda za kesi, na ikabidi urekebishwe. Kasoro hiyo iliandikwa katika taarifa za wazi ambazo yeyote anaweza kuzisoma. Laiti zahanati zetu zingekuwa na kumbukumbu kama hizo.

Bilioni 520, 2015–2021

Mradi mkubwa kuliko yote katika historia ya maji ya jiji uliidhinishwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika mwaka 2015. Thamani yake ilitajwa kuwa takriban shilingi bilioni 520. Lengo lilikuwa kupandisha uwezo wa kuzalisha maji kutoka lita milioni 40 hadi lita milioni 200 kwa siku, kujenga mtandao mpya wa majitaka, na kuhamisha mabwawa ya majitaka kutoka Lemara, ambako jiji lilikuwa limeshayazingira, kwenda Terrat. Rais John Magufuli aliweka jiwe la msingi Desemba 2018, na Rais Samia Suluhu Hassan akauzindua Oktoba 2021.

Mwenye kuifahamu historia ya floraidi ataelewa kwa nini visima vingi vilichimbwa mbali, katika wilaya ya Hai, mkoa wa Kilimanjaro. Uchaguzi wa chanzo ulikuwa tayari jibu kwa uamuzi wa 1974. Maji ya vyanzo mbalimbali huchanganywa ili yale yenye floraidi nyingi yapunguzwe na yale yenye floraidi kidogo. Maana yake ni kwamba usalama wa glasi moja ya maji Sombetini au Sakina unategemea vipimo vya kila siku. Kisima kimoja kikizimwa kwa matengenezo, mchanganyiko hubadilika. Mradi wa namna hii haumalizikii kwenye utepe wa uzinduzi.

Uwezo wa kuzalisha lita milioni 200 nao si sawa na lita milioni 200 bombani. Katikati kuna umeme wa pampu, mabomba ya zamani yanayovuja na mitaa iliyoota baada ya michoro kuchorwa. Viongozi hupenda kutaja tarakimu ya kwanza. Mwananchi anaishi na ya pili, na taarifa ya mradi inayotoa moja bila nyingine haijakamilika.

Kibali, kamati na Mwenge

Sheria za nchi nazo zimebadilika. Sheria za ununuzi wa umma za 2001, 2004, 2011 na 2023 zimezidi kubana nyongeza za mikataba: mabadiliko ya kazi au bei yapite bodi ya zabuni, yawe na sababu, yaandikwe. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali huchapisha kila mwaka miradi iliyochelewa na malipo yaliyofanyika kabla ya kazi. Katika shule na zahanati, utaratibu wa fosi akaunti umerudisha kazi mikononi mwa watu wa mahali: kamati ya ujenzi, kamati ya manunuzi na kamati ya mapokezi, ambazo wajumbe wake ni walimu, wazazi na mafundi wanaojulikana. Mwaka 2021 madarasa 15,000 yalijengwa nchini kwa njia hiyo, kwa fedha za mkopo wa kukabiliana na UVIKO-19. Palipokuwa na kamati ya mapokezi iliyohesabu kila mfuko wa saruji, madarasa yamesimama imara. Palipokuwa na kamati ya jina tu, nyufa zilifika kabla ya madawati.

Upo pia Mwenge wa Uhuru, uliowashwa kwanza juu ya Kilimanjaro Desemba 1961, ambao kila mwaka hupita kukagua miradi ya halmashauri. Kiongozi wa mbio akikataa kuzindua mradi kwa sababu nyaraka hazilingani na kazi, wilaya nzima husikia. Ni ukaguzi wa siku moja, na siku moja haitoshi, lakini una nguvu ambayo taarifa ya ofisini haina: unafanyika mbele ya watu.

Sasa macho yapo kata ya Olmoti. Mkataba wa uwanja wa mpira wa watu 30,000 ulisainiwa Machi 2024 kwa shilingi bilioni 286, kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 ambalo Tanzania itaandaa pamoja na Kenya na Uganda. Mashindano yana tarehe, na mradi wenye tarehe isiyosogea ukikwama huwa na njia mbili tu: gharama iongezeke au kazi ipunguzwe. Njia yoyote itakayochukuliwa, wakazi wa Arusha wana haki ya kuijua siku inapochukuliwa.

Kwa hiyo, msomaji wa Arusha, Usa River, Tengeru au Ngarenanyuki, mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu kwa mujibu wa sheria. Nenda. Soma bango la mradi kabla ya kwenda, uandike gharama na tarehe ya kumaliza. Halafu simama uulize: tangu bango hili lilipochomekwa, ni nini kimebadilika, nani ameidhinisha, na uamuzi huo utaangaliwa upya lini? Ukijibiwa, omba jibu liingie kwenye muhtasari wa kikao. Usipojibiwa, rudi mkutano ujao ukiwa na jirani zako.